Mhando na Wanyamwezi wa kando ya reli

Akili yangu inakataa. Tangu alfajiri natoka nje, narudi ndani, nimechemsha chai mara mbili na zote zimepoa mezani. Mhando hayupo.

Mnaonifuata hapa mnamjua bila kumjua. Ni yule Mzigua ambaye kila nikiposti picha yangu alikuwa wa kwanza kukomenti, "Huyu mpagazi kashiba." Mimi Mnyamwezi, yeye mtani wangu. Tumefundisha shule moja hapa Korogwe, meza zetu staff room zimepakana, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumaliza karanga zangu mwenyewe.

Alikuwa anafundisha historia. Kipindi chake cha harakati za Wamarekani weusi nilikisikia kupitia ukutani, huku mimi nikihangaika na hesabu zilizokuwa zikinitoa jasho kuliko wanafunzi.

Aliwaeleza habari za vijana waliokaa kwenye viti vya migahawa ambako weusi hawakuhudumiwa. Walimwagiwa vinywaji, walitukanwa, hawakuinuka. Halafu analiuliza darasa: kesho yake ikawaje?  "Walirudi," anasema. "Siku ya kwanza mtu huletwa na hasira. Harakati inaanza siku ya pili."

Wala hakuwaachia waishie kwenye hotuba za viongozi. Alitaka wajue nani alipika, nani aliwapa lifti waliogoma kupanda mabasi, nani alibaki na watoto. Sheria, alisema, ilikuja mwishoni kabisa, ikawakuta watu wameshafika.

Siku moja mwanafunzi akamuuliza mbona sisi hatukuwa na watu kama hao.  Jumamosi Mhando akatubeba wote mpaka Mnyuzi, kwao. Mimi nilidhani tunakwenda kula.

Kando ya reli kuna marundo ya mawe ndani ya majani, makaburi ya zamani. Habari zake alisimuliwa na bibi yake, naye bibi alisimuliwa na baba yake aliyeona kwa macho. Wakati wa Mjerumani, reli ikijengwa, Wanyamwezi walioletwa kujenga tuta walikuwa wanakufa kwa homa, na msimamizi anataka wafukiwe humohumo kwenye tuta, kazi iendelee.

Asubuhi moja wenzao wakaweka sururu chini, wakakaa. Viboko vikapita, wakakaa.

Kesho yake wakakaa tena, na safari hii Wazigua wa kijijini wakaja kukaa nao, kwa sababu hao walikuwa watani wao, na kumzika mtani ilikuwa kazi yao. Msimamizi akatoa kipande cha ardhi. Ndicho kile.

Mwezi uliopita kipande kile kikapigwa bikoni, vile vigingi vya wapima ardhi. Kuna mwekezaji anataka uwanja wa kuegesha malori. Kwenye mkutano wa kijiji bwana mpimaji akasema makaburi yenye ndugu yatahamishwa kwa heshima zote, lakini haya hayana mwenyewe. Akanigeukia, Mnyamwezi pekee mkutanoni. Nina ndugu pale? Naweza kumtaja hata mmoja?

 Nikasema mimi nafundisha hesabu. Mwalimu mzima.

Mhando akainuka. "Huyo hajui kitu, mwacheni. Waliozika ni sisi. Tuulizeni sisi."

Jumatatu iliyopita tukakaa. Wazigua wa Mnyuzi, Washambaa walioshuka kutoka Vugiri na ndizi zao, viti vya plastiki, vigoda, mikeka. Mimi nikapewa kitengo cha uji, maana Mhando alisema mpagazi anaaminika na sufuria. Nikauunguza. Watu wakaunywa hivyohivyo, wakinitazama.

Katapila likaja, likasimama, likazima injini, likageuza. Mpimaji akasema atarudi Jumatatu hii.

Alhamisi Mhando akaanguka bafuni. Presha. Ijumaa tukamzika.

Mnajua kazi ya mtani msibani. Anazuia, anadai, anapewa chake, ndipo mambo yanaendelea. Na mimi tangu Alhamisi nilikuwa nasikia watu wananong'ona uani kwamba bila Mwalimu ile shughuli ya makaburi imekwisha.

Basi jeneza lilipotoka, nikakaa njiani mbele yake. Chini, kwenye vumbi, na suruali yangu moja ya heshima. Watu wakaingiza mikono mifukoni. Nikasema hela sitaki. Nataka Jumatatu.

 Shehe akakohoa. Wanaume wakaangalia viatu vyao. Mimi nikaangalia viatu vyao pia, maana pale chini ndivyo pekee nilivyoviona.

Ndipo Mama Zuhura, mke wa Mhando, akasema kutoka upande wa wanawake: "Mtani, inuka. Tutakuja."

"Wote?"

"Wote. Na uji napika mimi. Inuka, unamchelewesha mwenzio."

 Ikabidi watu wawili wanivute mikono, na nyuma yangu nikamsikia mtu anacheka huku analia. Mhando angelipenda hilo kuliko dua yoyote niliyomwombea.

Leo Jumapili. Sijui kesho watakuja wangapi. Kuahidi mbele ya jeneza ni kitu kimoja, na mahindi yaliyokauka shambani ni kitu kingine. Nimekifunga kiti chake cha plastiki nyuma ya pikipiki, nikakifungua, nimekifunga tena. Kila simu ikilia naruka.

Mlio karibu, Handeni, Mashewa, popote, msiniandikie pole inbox. Njooni na cha kukalia.

Mhando, karanga nimekuachia mezani kwako, na safari hii hata moja sijagusa. Kesho ndiyo siku ya pili, kama ulivyosema. Nina hofu, nakwambia wewe tu na hawa wote wanaosoma.

Wewe lala, Mzigua. Kukaa, tutakaa sisi.