Poda Iliyotangulia Juri

Kazi ya Joëlle wa mtaa wa Ngezi, Bunia, ni kulaza watu. Si kwa hotuba, hiyo ni kazi ya maprofesa. Yeye ni kwa sindano. Amelaza wachimba dhahabu walioangukiwa na mashimo, amelaza akina mama wa kupasuliwa, amelaza hata mganga mmoja wa kienyeji aliyeapa kwamba dawa ya hospitali haiwezi kumshika. Alikoroma kabla hajamaliza kuapa.

Lakini aliwalaza chini ya jina la mkubwa fulani. Asiye na diplome ya juu ya usingizi wa upasuaji haruhusiwi kulaza mtu peke yake. Na huko Gety, kwao, chumba cha upasuaji kilikuwa tayari, meza na taa yake, ila kuku ndio waliokuwa wakiingia na kutoka, maana hapakuwa na wa kulaza. Mdogo wake Alliance aliposhikwa na uchungu, walimpakia kwenye pikipiki kuja Bunia. Alliance alifika. Mtoto hakufika.

Basi Joëlle akasoma. Anatoka zamu, anaingia darasani, macho mekundu hadi wenzake wanadhani anakunywa. Katikati ya safari wakubwa wa elimu, ambao wasipobadili mfumo hujisikia kuumwa, wakabadili mfumo. Kikao hiki cha mtihani ndicho cha mwisho cha mfumo wa zamani. Anayeanguka leo anarudi mwaka wa kwanza, na Gety wataendelea na kuku wao.

Asubuhi hiyo, mbele ya juri, yaani jopo la watahini, mambo yalienda vizuri mpaka Profesa Sébastien alipofungua mdomo. Alikuwa mkuu wa juri, mzee wa miwani mbili, moja machoni, ya pili kichwani kama akiba.

"Madame, uko Gety. Mugonjwa umeisha kumulaza, koo imeziba, mupira wa hewa haipite. Unafanya nini?"

Woga ukamjibia Joëlle. "Naita docteur."

"Docteur iko na mikono ndani ya tumbo ya mugonjwa. Unamuita akuje na nini? Na miguu?"

Juri wakacheka. Wakamtoa nje ili washauriane.

Uani walikuwa wanamngoja mume wake, Kamate, na mama mkwe, Hortense, mfanyabiashara wa vitenge aliyehamia kutoka Butembo, mwanamke asiyejua kungoja hata chai ipoe. Mkononi alishika kopo kubwa la poda nyeupe ya mwili kutoka soko la Ariwara. Desturi ni desturi: mtu akifaulu humwagiwa poda mpaka afanane na mkate ambao haujaona tanuru.

"Walisema nini?" akauliza Hortense.

"Bado, Mama. Niliharibu ulizo moja."

"Moja tu? Wakubwa wanaharibu nchi muzima na hawarudie mwaka."

Alifungua kopo, akalifunga. Akalifungua tena. Ndani sauti zilipanda, mtu akagonga meza. Kamate alikuwa anasali bila kufumba macho, amekazia mlango.

Ghafla, kutoka ndani: "Eeeeh!" Na makofi, makofi ya kweli kweli, ya watu wazima.

Hortense hakuuliza. Kigelegele kilitoka kwanza, poda ikafuata.

"Mama, ngoja..." Joëlle alianza, lakini poda ilikuwa imeshamjaa mdomoni. Kichwa, mabega, blauzi nyeupe ya kazi, vyote vikapakwa. Kamate akarukaruka. Kopo likaisha.

Mlango ukafunguka. Joëlle hakuuona kwanza uso wa Profesa Sébastien. Aliona nyuma yake feni inazunguka. Courant, yaani umeme uliokatika tangu alfajiri, ulikuwa umerudi, na juri walikuwa wameupigia makofi kama kila mtu wa Bunia anavyoupigia.

"Nani amekutangaza?" akauliza profesa, polepole.

Poda ilikuwa inashuka kwenye kope za Joëlle.

"Hapa, kujitangaza mbele ya matokeo ni kazi ya wanasiasa. Weye unagombea kiti gani?"

"Ni mimi, Profeseri," Hortense akasema, kopo tupu mgongoni. "Mutoto hana kosa."

"Mama, siye hatujakuita kwa mutihani." Akamgeukia Joëlle. "Wawili wanasema ndiyo, wawili hapana. Nabakia mimi. Ingia vile uko. Ile ulizo nakurudishia."

Aliingia mweupe. Feni ikampeperusha, juri wakaanza kukohoa. Mlango ulibaki wazi.

"Koo imeziba. Docteur iko na mikono ndani ya tumbo."

Joëlle aliiona moyoni ile pikipiki ya Alliance. Akaimeza poda.

"Mupira nauacha. Watu wanakufa sababu ya kung'ang'ania mupira. Narudisha maski, nainua taya, namusukumia hewa. Ikipita, namushukuru Mungu na naendelea kuangalia. Ikikataa..."

"Ikikataa?"

"Napasua hapa."

Akaweka kidole kooni mwake, akakibonyeza. Alipokitoa, kiliacha doa jeusi katika ule weupe.

Profesa akasimama. Alizunguka meza, akashusha na ile miwani ya akiba, akainama juu ya koo la Joëlle. Hata wa kukohoa aliacha kukohoa. Doa likipanda kidogo, kisu kinakata sauti ya mtu. Likishuka kidogo, kinakata mshipa wa damu.

"Na mukono ikitetemeka?"

"Itatetemeka, Profeseri. Nitapasua nayo vile vile."

Mzee alikaa hapo, ameinama, kana kwamba mgongo umemkatalia.

"Ni hapo," akasema mwishoni. Akawageukia wenzake. "Anapita. Alama ya chini kabisa, sababu ya poda. Lakini anapita."

Mlangoni Hortense na Kamate walisimama kama wamepigwa msumari.

"Sasa mbona hamupigi makofi?"

"Tunangoja kwanza, Profeseri," akasema Hortense. "Pengine ni courant tena."

Aliyeanza kucheka alikuwa mmoja wa wale wawili wa hapana. Ndipo Hortense akaingia. Kopo halikuwa na kitu, basi akakwangua poda mabegani mwa Joëlle, akamrudishia kichwani kwa ngumi mbili zilizojaa, akijihadhari asiguse koo.