Chakula cha Baba kwenye Mlango wa Kasho

Shida ilianza kwetu mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, na ilianza kwa harufu kukosekana. Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Rwezamenyo, Kigali, na kila asubuhi nyumba yetu ilinuka kaki iliyonyunyiziwa maji na kupigwa pasi ya makaa, harufu nzito kama ya mkate unaotaka kuungua. Asubuhi hiyo wanaume wawili walisimama mlangoni baba akiwa na pasi mkononi. Mmoja akasema kwa adabu kabisa, "Fundi, tunakuhitaji kidogo hapo komine." Baba akavaa koti lake. Mama akauliza, "Kidogo ni mpaka saa ngapi?" Wakaondoka naye. Makaa yalizimika ndani ya pasi, na suruali ya mtu ikabaki mezani imenyooshwa mguu mmoja.

Kosa lake nitalisema wazi. Mimi niliishia darasa la tatu, sikufundishwa kuzungusha maneno. Baba alikuwa anawasemea watu. Mawakili wa majoho sisi hatukuwajua wakati ule. Mwenye kesi alitafuta jirani asiyetetemeka, akaenda naye mbele ya hakimu. Sasa palikuwa na mjane mtaani kwetu, Bi Mariamu, mwenye kiwanja kando ya barabara, na mkubwa mmoja wa komine, yaani ofisi ya serikali pale kwetu, alikitaka, akadai amekwisha kukinunua. Baba akasimama naye kwa hakimu, mbele ya watu, akasema, "Mkubwa atuonyeshe basi nani alimuuzia." Hilo tu. Hakutukana, hakugusa mtu. Watu walicheka, na mimi nasema kicheko kile ndicho kilichomfunga, kwa sababu wiki haikuisha kabla wale wawili hawajafika mlangoni. Hakufunguliwa kesi. Hakuna aliyetuambia ameiba nini, amemuua nani. Alikuwa ndani, basi, na kama unataka kujua kwa nini, urudi kesho.

Huko ndani, kwenye kasho, yaani mahabusu ya komine, hawakumpikia mtu. Kwetu Kigali kazi ya kumpelekea chakula mgonjwa au mfungwa ina jina lake, kugemura, na katika nyumba yetu ilinishukia mimi, kwa sababu mama alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nilitoka shuleni mapema kila siku, nikabeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, joto lake likinichoma kwapani: ndizi za kuchemsha, maharage, pilipili ya mama ambayo mtaa mzima uliijua. Ijumaa majirani waliongeza wali. Kwenye mlango wa kasho palinuka mkojo na dawa ya kuulia wadudu, na askari alinifanya nionje kijiko kimoja kwanza.

"Leo umeleta nini, weye kifundi?"

"Ndizi na maharage, bwana."

"Tena? Mwambie mama yako nyama iko sokoni."

Sikuruhusiwa kumwona baba. Nilikaa juu ya jiwe nikingoja sufuria irudi. Baba alikuwa na desturi, kama baba wengi wa mtaa wetu: hakumaliza chakula. Alibakiza tonge pembeni ya sahani kwa ajili ya mtoto aliyemhudumia. Hata kutoka kasho alinibakizia. Nilifungua sufuria njiani nikakuta kipande cha ndizi na maharage machache, nikala nikitembea, na kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Mvua zilipoanza kupiga sana, sufuria ikarudi tupu. Imelambwa, hata pilipili haikubaki. Mama alifurahi. Aliinua sufuria ile akamwonyesha Bi Mariamu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. "Tazama, mwenzangu. Amepata hamu ya kula. Huyu atatoka." Kesho yake tupu, na siku zilizofuata tupu. Mama akaongeza chakula, akapunguza chetu. Mimi nilinuna. Nilidhani baba amekuwa mchoyo, kwamba kasho imemfundisha kula peke yake, na nikamuuliza askari kama baba bado yupo kweli.

"Iko, iko," akasema, akifuta mdomo. "Wapi ataenda?"

Ikawa hivyo mpaka alipokuja nyumbani mbeba mizigo mmoja wa soko la Nyabugogo, aliyekuwa ametolewa kasho siku hiyo hiyo. Alisimama uani, hakutaka kukaa. "Mama fundi," akasema, "nakuja kwa sababu ya mtoto, namwona kila siku pale kwenye jiwe. Mzee wako hayumo. Walimtoa na gari mwanzo wa mvua, hatujui wapi. Chakula wanakula wale wa mlangoni. Tena wanakisifu. Wanasema mke wa fundi anajua pilipili."

Mama hakulia. Alimshukuru yule mtu, akampa maji ya kunywa. Kesho yake alipika kama kawaida, akambeba mtoto, akashika sufuria mwenyewe, akaenda kukaa juu ya jiwe langu. Mimi nilikuwa pembeni yake.

"Leta, mama, itapoa," askari akasema.

"Acha ipoe. Nitampa mwenyewe mkononi."

"Haiwezekani."

"Basi na mimi haiwezekani kuondoka."

Walimcheka. Walimtania kuhusu tumbo lake, wakamuuliza kama anataka kuzalia pale wapate jirani mpya. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, akimwaga chakula kilichochacha mbele ya macho yao na kupika kingine. Wanawake wengine waliokuwa wanagemura wakaanza na wao kung'ang'ania sufuria zao, wanataka kuona watu wao kwanza. Hapo ndipo mmoja wa wakubwa alipotoka, amekasirika, akataja gereza la mbali kule kusini. Baba alikuwa hai. Ilibidi mwanamke mwenye mimba akae kwenye mvua ili aambiwe mume wake yuko wapi, na mpaka leo nikilifikiria hilo meno yananibana.

Baba alirudi mwaka uliofuata, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Hakukuwa na hukumu wala msamaha. Walimfungulia mlango kama walivyomfungia. Akawasha pasi yake, nyumba ikanuka tena. Lakini Bi Mariamu alipokuja kumwomba amsindikize tena kwa hakimu, baba aliendelea kukanyaga cherehani, akasema bila kuinua uso, "Mimi nashona tu, dada." Mama akatoka nje. Bi Mariamu akapoteza kiwanja, na hakuna mtu mtaani aliyeuliza tena nani alimuuzia mkubwa. Ndiyo faida waliyoitaka. Walimfunga mmoja, tukafunga midomo wote, tena bila kulishwa na serikali.

Shule niliiacha siku zile za kukaa juu ya jiwe, sikurudi tena. Niliuza parachichi Nyabugogo, kisha mitungi, kisha boliti za magari mabovu, na yaliyoikuta nchi hii hapo katikati kila mtu anayabeba kivyake. Leo mimi ni bibi mwenye wajukuu, na tazama ninachokiona. Wakili Vestine, mwanamke aliyewatetea vijana wa gereji Gatsata walipozolewa barabarani bila kosa, aliyesimama na watu waliobomolewa nyumba na hawakumlipa hata nauli, amewekwa ndani. Walimsimamisha akitoka mahakamani, joho likiwa mkononi. Wanasema uchunguzi unaendelea. Wanaongeza mwezi juu ya mwezi, na mashtaka yenyewe yanabadilika kila ukiuliza.

Nilikwenda na sufuria huko anakoshikiliwa. Mahali penyewe pana vigae na maua, hakuna harufu ya mkojo. Chakula cha nyumbani hawapokei, ndani kuna kantini. Kijana mwenye sare iliyonyooka alinipa kiti na kuniita mama. Nikamuuliza Vestine amekosa nini. "Taratibu zinafuatwa, mama yangu," akasema. Nikamwambia, "Afande, wa zamani walikula chakula cha baba yangu na hawakuniita mwanangu. Wewe unaniita mama na jibu hunipi. Mwizi ni nani hapo?" Akatazama simu yake. Mawakili wenzake Vestine nao nimewafuata. Mmoja, kijana wa tai nzuri, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi anashughulika na mikataba ya ardhi tu. Nilimjua. Nimekulia nyumba moja na mtu wa namna hiyo, aliyesema anashona tu, nikampenda, nikamzika.

Juzi mahakamani hakimu aliuliza kama yupo wa kumdhamini. Watu walitazama viatu vyao. Nikasimama na fimbo yangu. Akauliza, "Mama, una mali gani?" Nikamtajia, na hapa naandika kama nilivyomtajia, ili mtu asije akasema sikusema. Nina nyumba ya vyumba sita Rwezamenyo. Nina duka la vipuri Gatsata na stoo nyuma yake. Nina gari moja la mizigo, halijafikisha umri wa kusumbua. Nina kiwanja kitupu kando ya barabara, ambacho wakubwa wawili wamekwisha kuniulizia. Nina ng'ombe watatu kwa binti yangu. Hati zote zina jina langu. Dhamana ilikataliwa. Vyote hivyo bado ninavyo, na wa kunisimamia siku watakapovijia yuko ndani.