Jina Letu Kwenye Ukoo wa Wakwe

Binti yangu aliponiambia anaolewa na Mzungu wa Houston, nilishukuru Mungu. Kwetu Waluhya huoi kwenye ukoo wa baba wala wa mama, na vijana wawili wa Kikenya aliowaleta kabla niliwahoji koo zao mpaka wakaacha kuja. Huyu, nilijiambia, hana haja ya kuhojiwa.

Kisha mama wa huyo kijana akaja kututembelea nyumbani kwetu Grand Prairie, hapa hapa Texas. Amestaafu, na siku hizi kazi yake ni kufukua mizizi ya ukoo wao kule Ireland. Baada ya kuku na chapati alitandaza mezani karatasi kubwa ya majina, akaanza kutueleza: hili ni la wahunzi, hili la watu wa mlimani. Kidole chake kikasimama kwa bibi wa bibi yake. Jina la ukoo la bibi huyo lilikuwa jina la baba yangu, herufi kwa herufi.

"Kumbe sisi ni ndugu!" alisema kwa Kiingereza chake cha Texas, akanikumbatia.

Mimi niliingiwa na hofu. Baba alifariki nikiwa mdogo, sikuwahi kumuuliza jina lile alilitoa wapi. Tena alikuwa mweupe kuliko dada zake wote, na watu walimtania kwa hilo. Kama ni damu moja, ningeizuiaje ndoa ambayo gauni lake lilikuwa tayari limetundikwa chumbani kwangu?

Nilikimbilia jikoni, nikafungua bomba wasinisikie, nikampigia shangazi, dada mkubwa wa baba, kule Kakamega. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Binti yangu akanifuata.

"Mum, kwani iko serious?"

"Nyamaza kwanza."

Shangazi alinisikiliza, akacheka mpaka akakohoa. "Wewe nawe! Baba yako alibatizwa akiwa kijana anachunga ng'ombe, na mimi nikiwepo. Padre wa Ireland alimpa jina lake la ukoo kwa vile alikuwa akimgongea kengele ya misheni. Weupe ni wa mama yetu. Mwache mtoto aolewe."

Nilimshukuru Mungu mara ya pili. Ndipo akauliza, "Lakini hao wakwe umewaambia sisi ni ukoo gani?"

Binti yangu alikuwa ameegemeza sikio kwenye simu.

"Mum," alisema polepole, "wale maboyfriend wangu uliwa-ask ukoo wao. Jibu ulilokuwa unaogopa ni gani?"

Nikafunga bomba.

"Shangazi," nilisema, "hebu nitajie ukoo wetu. Sikuwahi kuujua."