Mama Akiwa Mkalimani

Sikupata wazimu, ingawa jirani zetu wa Nizwa, huku Oman, walishaamua kuwa nimepata. Niliacha kula, kisha nikaacha kusema, basi. Mwenzangu alikuwa ameolewa mji wa Sur.

Tulisomesha skuli moja ya wasichana, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Yeye alizaliwa Bujumbura, mimi Unguja, na kwa kuwa watu wake walikaa mbali, Ibra, mama alimkaribisha alale kwetu, chumbani mwangu. Alikuwa mcheshi, hajui kupika hata chai, na akicheka hujifunika uso kwa ncha ya leso. Siku moja alininunulia bangili ya fedha sokoni, akanivisha mwenyewe. Tulipendana. Silisemi kwa mafumbo, nimeshazeeka na mafumbo yamenichosha. Nilimpenda kama wanawake wengine wanavyowapenda waume zao, na pengine zaidi, maana wengine nimewasikia wakiwazungumza waume zao.

Posa ilipokuja kutoka kwa binamu yake, hakuna aliyemuuliza, naye hakukataa. Mimi ndiye niliyemsinga. Kwetu bi harusi husingwa na mtu wake wa karibu, na wa karibu nilikuwa mimi. Nilimsugua liwa, ule msandali uliosagwa, mikono, mgongo na miguu, huku wanawake wakipiga vigelegele nje ya mlango. Alilia, wote wakasema ni machozi ya harusi. Harufu ya liwa ilinikaa vidoleni. Ilipotoka, sikutaka tena chakula.

Mama alianza kwa kunisomea na kunifukiza ubani. Kisha jirani mmoja akamwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mpeleke hospitali." Kulikuwa na daktari wa maradhi ya nafsi aliyekuja Nizwa mara kwa mara, Msudani, mtu mpole. Kiswahili hakukijua, na Kiarabu changu kilikuwa cha kununulia nyanya. Mama alizaliwa Manah, hukuhuku Oman, akapelekwa Unguja kuolewa, kwa hiyo Kiarabu ni chake. Akawa mkalimani.

Daktari aliuliza ninalia nini. Nikamtazama mama, nikasema, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, "Mwambie nimefiwa na mtu aliye hai."

Mama aliitengeneza shela yake kichwani. Kisha akamwambia daktari kwamba namlilia baba.

Hicho Kiarabu nilikifahamu. Baba alitoka nyumbani asubuhi moja, mwaka wa mapinduzi, asirudi. Hatukuona maiti, hatukuweka matanga. Mama hakukaa eda, kwa kuwa kukaa eda ni kukubali. Hata tulipohamia Oman mama alikuja na kanzu mbili za baba, na kila Ramadhani alizifua na kuzipiga pasi.

Nilikasirika mno. Asubuhi ya pili sikumwamkia, jambo ambalo sijapata kulifanya maishani. Lakini tuliporudi hospitali, daktari akauliza mtu huyo alikuwaje. Nikasema anacheka huku kajifunika uso. Mama akamwambia kwamba baba alikuwa akifika mlangoni hukohoa kidogo, ili waliomo ndani wajue karudi. Sikuwahi kulisikia hilo. Ikawa ndiyo desturi yetu: mimi nasema habari za wangu, mama anamwambia daktari habari za wake. Daktari aliuliza kwa upole, akasikiliza kwa makini. Siku moja mama alishindwa, akalia. Daktari, maskini, akampa karatasi za kufutia machozi, akidhani anamhurumia mtoto wake.

Miezi ikapita, nikarudi kusomesha, na Kiarabu changu kikanyooka, kwa msaada wa wanafunzi walionicheka bila huruma. Nikaazimia kujisemea mwenyewe. Nilitaka mtu mmoja tu duniani ajue, hata kama atanifukuza. Njia nzima niliyarudia maneno kimoyomoyo. Daktari alipouliza hali yangu, nikafungua kinywa.

Mama akanishika mkono. "Ngoja, mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Sijamaliza kumzika."

Nikafunga kinywa. Daktari alingoja tafsiri, na mama akamwambia nimesema alhamdulillah, sijambo.

Tulipokwenda tena, daktari hakuwapo, kahamishwa. Nilihuzunika kuliko nilivyotazamia. Huyo ndiye mtu pekee aliyepata kuniuliza mpenzi wangu alikuwaje, na alijibiwa habari za baba yangu.

Siku hiyohiyo mama alivua bangili zake, kama avuavyo mjane, akatandika mkeka chumbani kwake, akasema anakaa eda. Majirani wakaja kumuuliza kafa nani. Aliposema, wakamwambia kwamba eda yake imekwisha zamani, hana cha kukaa.

"Ya sheria imekwisha," mama akasema. "Hii yangu."

Walipoondoka nikampelekea uji. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaniitikia marahaba. Akanitazama muda mrefu, si usoni bali mkononi, pale ilipokuwa ile bangili ya fedha. Alikuwa akijua kila kitu. Alijua tangu siku ile niliyotoka chumbani kwa bi harusi na mikono imejaa liwa.

Akasogea, akaniachia nafasi mkekani.

"Vua na yako," akasema. "Kaa na wewe."

Nikaivua, nikakaa.