Kibanja changu kimewashinda watu wa kompyuta

Leo nimemshinda mtaalamu wa kompyuta, na mimi niliishia darasa la nne.

Kuna programu ya simu ya wakulima, ya bure, vijana wa Bukoba wanaitengeneza kwa kujitolea. Yeyote anaruhusiwa kupendekeza marekebisho. Mimi nilipendekeza moja tu, shamba moja liweze kuandikwa mazao mengi.

Wakapiga kura kwenye grupu. Wakanikataa mara tatu.

Sikunyamaza. Mnanijua mimi Ta Kamugisha.

Leo mkubwa wao, Denis, kaja mwenyewe hapa kijijini Rubya. Nikamwambia aandike kibanja changu, shamba langu la nyumbani.

Akaandika migomba.

“Na kahawa uliyoiegemea?”

“Hilo shamba la pili, mzee.”

“Liko wapi? Nipeleke.”

Akatazama migomba juu, kahawa ubavuni, maharage yamemfika magotini.

Akaketi hapohapo, akafungua kompyuta yake, akayapitisha marekebisho yangu. Wenzake wawili wakaanza kubisha kwenye grupu. Akawajibu, “Njooni Rubya mumwonyeshe Ta Kamugisha hilo shamba la pili.”



Wenye vibanja, leteni hongera zangu hapa chini. Jina langu limo kwenye orodha ya watengenezaji, tena juu ya wale wawili.