Reli ya Bahari Mbili

Mume wangu alitaka kujenga reli kutoka Dar es Salaam hadi bahari ya Atlantiki. Sisemi aliota, maana mwenye kuota hulala, na yeye hakulala wala hakuniacha nilale.

Tuliishi Tensta, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya nne, kwenye majengo ambayo saruji yake ilikuwa bado inanuka upya. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Yeye aliletwa Stockholm kusomea mambo ya mbao, na alichojifunza hasa ni kutia dawa mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya reli. Kozi ikaisha, wenzake wakarudi nyumbani, yeye akabaki. Sebuleni alibandika ramani ya Afrika, akachora njia yake kwa rangi yangu ya kucha. Mstari ulitoka Dar, ukafika Kigoma, ukazunguka ziwa kwa juu kupitia Burundi, ukaingia msitu wa Kongo na kutokea pwani ya pili. Rangi ilipokwisha aliniomba nyingine.

Kigoma ndiko alikozaliwa. Reli ya kati inakomea pale, na mama yake alikuwa akiuza samaki wa kukaanga, migebuka, pale stesheni. Alizoea kusema kwamba treni ikifika Kigoma inageuza, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mwanawe akamwahidi kumpandisha treni isiyogeuza. Siku ya kuja Ulaya akaapa mbele ya ndugu zake kuwa hatarudi mikono mitupu. Kilikuwa kiapo cha kijinga, lakini mama mtu alikiamini, akakaa kumngoja.

Kila Jumapili walikuja rafiki zake wawili. Mmoja alikuwa Mkenya, aliyefanya kazi kwenye jiko la hoteli moja mjini, na mwingine Mkongo aliyekuwa bado mwanafunzi. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hawa siku yao ya tatu ilikuwa kila wiki, na jembe sikuwahi kuwapa. Walikula wali wangu, wakashiba, ndipo wakaanza kumchokoza. "Papa," Mkongo alikuwa akimwuliza, "ile train yako itapita na kwetu siku gani? Nifunge ma-valise ya nguo?" Mume wangu hakuona kejeli. Aliinuka, akamwonyesha kwa kidole stesheni ya karibu na kwao.

Siku moja Mkenya akaja na Mswidi mrefu aliyevaa suti na tai. Alimtambulisha kuwa mjumbe wa kampuni ya kujenga reli. Mume wangu alisimama mbele ya ramani, akaeleza mpaka sauti ikamkauka. Mswidi aliitikia kwa kichwa, akala pilau sahani mbili, akasema jambo hili linavutia sana. Mlangoni akampa mkono na kumwambia, "Tack. Vi hör av oss." Maana yake, asante, tutawasiliana. Kwetu ahadi ni deni. Kwa Waswidi maneno hayo ni namna ya kufunga mlango bila kishindo, na miaka yote aliyokaa nchini mwao mume wangu hakuwahi kulijua hilo.

Wiki haikuisha nikaambiwa ukweli na mke wa Mkenya, tukiwa chini kwenye chumba cha kufulia. Yule mjumbe alikuwa mpishi mwenzake mumewe, na ile suti ilikuwa ya kuazima. Aliniambia huku anacheka, akitegemea nami nitacheka. Nilipanda juu nikamwambia mume wangu vilevile nilivyoambiwa. Akanijibu kwamba Mswidi hasemi uongo, na kwamba mimi tangu zamani naionea wivu reli yake.

Tangu hapo akawa mlinzi wa simu. Hakutoka hata kununua maziwa mpaka mimi nirudi kutoka kazini hospitali. Chini yetu walikuwa wanapasua mwamba kupitisha treni ya chini ya ardhi, na kila baruti ilipolipuka vikombe vililia kabatini. Yeye alitabasamu tu, akisema unasikia, reli huwafuata watu walipo.

Kisha msafiri mmoja akatuletea habari kwamba mama anaumwa, hali chakula tena, na kila siku anamwulizia. Nilimwambia mume wangu aende. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia jioni, nikamwambia kwa kulia na kwa matusi. Nilimpenda yule mama. Yeye alikuwa na jibu moja tu.

"Nikiondoka, wakipiga, nani atapokea?"

Wakapiga Jumapili. Wageni walikuwa wametoka tu kunawa mikono, na mimi nilikuwa nakusanya sahani. Mume wangu alinyanyua simu, akajitaja jina lote. Nikamwona anakaza mgongo. Akafunika kinywa cha simu kwa kiganja, akatunong'oneza kwamba ni telegramu kutoka Tanzania.

"Wajumbe wameshafika nyumbani," akasema.

Mkenya na Mkongo wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye aliyepanga mchezo huu wa pili, na nikaona mabega yao yanaanza kutikisika.

Mwanamke wa posta alisema neno ambalo mume wangu hakulijua, kisha akaanza kumsomea. Mume wangu alirudia kila jina kwa sauti, ili sote tusikie wajumbe wa kampuni ni nani na nani.

"Martin. Adam. Martin. Adam." Akatugeukia. "Akina Martin ni wawili. Adam. Martin. Erik. Filip."

Mkenya alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Lakini mimi nilikuwa mhudumu wa hospitali, na kule tukitaja jina la mgonjwa kwenye simu hufanya hivyohivyo: kila herufi na jina la mtu linaloanza nayo. Nilikuwa nimezipanga kichwani kabla sijataka.

"Adam. Rudolf. Ivar. Kalle. Ivar."

"Hao si watu," nikamwambia. "Ni herufi. Mama amefariki."

Sikumwambia kwa upole, na upole sikuwa nao. Kitambaa kikamwanguka Mkenya. Mkongo akasema polepole, "Pole, Papa."

Simu ilikuwa bado sikioni mwa mume wangu. Nilikuwa karibu, nikamsikia yule mwanamke akimwuliza kwa adabu kama angependa kutuma jibu. Mume wangu aliitazama ramani, pale Kigoma. Akajiweka sawa, akajibu kwa Kiswidi kilichonyooka kuliko siku zote:

"Tack. Vi hör av oss."