Kaseti ya Siku Walipoingia Studio

Alimpiga kwa kiti cha chuma, kile kidogo cha wateja wanaosubiri zamu. Ilikuwa Jumamosi mchana, saluni imejaa, nami nilikuwa kwenye meza yangu karibu na mlango, mahali ninapotengenezea simu. Nilimwona akiingia na nikamjua. Ni mtu wa mji wetu, wa kule ziwani, ambaye hapa Durban analinda magari ya watu wanaokwenda ufukweni. Nilidhani amekuja kunyolewa. Alimwendea mwenye saluni, aliyekuwa ameinama akisuka kichwa cha mteja, akakinyanyua kiti na kumshushia nacho mgongoni. Alipogeuka, cha pili kikampata usoni.

Wateja walikimbilia nje na nywele nusu zimesukwa. Nilimrukia yule mwanamume kwa nyuma nikamkaba shingo, tukaanguka pamoja juu ya beseni la kuoshea nywele, likapasuka. Alinipiga kiwiko cha mdomo, nikatema jino. Wanaume wawili wa duka la jirani ndio waliomshika. Walipokuwa wakimburuta nje hakutukana. Alisema jambo moja tu, tena kwa sauti ya kawaida.

"Bwana yako alisoma jina la kaka yangu kwenye redio. Wewe iko unakula, iko unacheka. Kaka yangu waliua jioni ile."

Mwenye saluni alikuwa sakafuni, damu ikimtiririka kutoka juu ya jicho. 

Mumewe alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mji wetu, nami nilikuwa fundi mitambo wake. Kila mchana alisoma salamu. Watu walileta vikaratasi mlangoni, wakimsalimu shangazi, mchumba, jirani waliyekosana naye, naye alivisoma kwa utani mpaka mji mzima unacheka. Wakati wa vita, watu wenye bunduki waliingia studio kipindi kikiwa hewani, wakampa orodha ya majina asome. Kisha wakamuua na kulichoma jengo. Jioni hiyo watu wengi waliuawa majumbani mwao, na walionusurika wakasema ni yeye aliyewataja. Neno hilo lilimfuata mjane wake kambini, likavuka naye mipaka, likafika naye hapa Point, mtaa wetu wa Durban. Hata kanisani kwetu Umbilo kuna wanawake waliokuwa hawakai benchi moja naye.

Mimi na yeye tunaitana shemeji, kwa kuwa mumewe alikuwa kwangu kama kaka. Tulipokutana hapa nilimwambia kwamba siku ile sikuwa kazini, nililala nyumbani na malaria. Ulikuwa uongo. Nilikuwapo. Nilikuwa nimetoka kwenda kujaza mazutu, yaani dizeli, kwenye jenereta nyuma ya jengo, nikawaona wakiingia kwa mbele. Niliweka debe chini, nikaruka ukuta, nikakimbia katikati ya mihogo. Sikumwita, wala sikupiga kelele. Risasi nilizisikia nikiwa mbali tayari.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitafuta kaseti za redio yetu. Za kwetu wenyewe ziliungua zote, lakini majumbani watu walikuwa wakirekodi salamu ili wasikie tena majina yao. Kila mtu wa kwetu niliyekutana naye Durban nilimuuliza kama alikuja na kaseti. Wengi walinipa kwaya na mahubiri. Mara chache nilipata kipande chetu, tangazo la bei ya samaki au salamu za Pasaka, nikakisafisha na kukihifadhi kwenye kompyuta. Watu walidhani ni mapenzi ya redio. Ukweli ni kwamba nilikuwa naitafuta siku ile, na kila nilipobonyeza kitufe niliomba isiwe yenyewe.

Shemeji alishonwa nyuzi saba. Aliporudi saluni alinishika mkono.

"Itafute kaseti ya siku ile," alisema. "Kama alisoma, nataka nisikie namna alivyosoma."

Nilituma ujumbe wa sauti kwenye makundi yote ya watu wa kwetu. Ilipita miezi miwili kabla mwanamke mmoja anayeishi Bluff hajanipigia. Marehemu mama yake alikuwa akirekodi kila siku, na alikimbia vita na bati la biskuti lenye kaseti sita. Nilikwenda kwake asubuhi. Alinionyesha moja iliyochorwa msalaba kwa kalamu nyekundu.

"Mama alikataza tuiguse," aliniambia. "Alisema mule ndani iko mtu anakufa."

Hata hivyo alinipa bati zima, nikalitia begini. Nilishuka kwenye teksi Point jua likiwa kichwani. Pale kwenye robot, taa za kuongozea magari, wanaume wawili walinibana, mmoja akashika begi langu. Kama ningekuwa nimebeba simu tu, ningewaachia. Nililing'ang'ania. Yule wa pili akachomoa kisu na kunichoma kiganjani, kikatokea upande wa pili. Hata hapo sikuachia mpaka begi lilipopasuka. Walilikung'uta barabarani, bati likafunguka, kaseti zikatawanyika, nao wakaondoka na simu yangu. Taa ikawa kijani. Nilitambaa katikati ya magari nikiziokota kwa mkono mmoja, madereva wakipiga honi. Mmoja alishuka akanipiga teke la mbavu akidhani ni mlevi. Teksi ilipita juu ya ile yenye msalaba mbele ya macho yangu. Nilipoifikia, gamba lilikuwa vipande, na utepe ulikuwa umetapakaa kwenye maji machafu ya mfereji, umekatika mara nne.

Hospitalini waliunga mishipa ya vidole vyangu na kunifunga bendeji mpaka kwenye kiwiko. Nilimweleza shemeji kwamba tutasubiri mkono upone. Moyoni nilifurahi kusubiri. Yeye alitazama ule utepe kwenye mfuko wa plastiki, kisha akasema mikono yake ipo.

Basi Jumapili baada ya ibada tulifungua saluni, nami nikaketi kando yake nikimwelekeza. Aliuosha utepe kwenye maji safi, akaufuta kwa kitambaa laini hatua kwa hatua, akauanika kwenye nyuzi za kusukia alizofunga kutoka kioo hadi kioo. Palipokunjamana alipanyoosha kwa ukucha juu ya glasi. Palipokatika aliunganisha ncha mbili kwa karatasi nyembamba ya gundi, bila kupandisha moja juu ya nyingine. Ana vidole vinavyogawa nywele nyembamba kama nyuzi za buibui, na kwa miaka yangu yote ya ufundi sikuwahi kuunga utepe vizuri namna ile. Kazi hiyo ilichukua Jumapili tatu. Ya nne tuliuviringisha ndani ya gamba la kaseti nyingine, tukakaza skrubu zake tano. Nilimwonya kwamba huenda utepe ukavumilia kupita mara moja tu, kwa hiyo kompyuta ingerekodi tangu mwanzo, na hatutasimamisha kwa lolote.

Mwanzoni sauti ilikuwa kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Kwa mkono wa kushoto niligeuza skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa cha mashine kinachosoma utepe, taratibu, na ghafla akawa nasi chumbani. Alikuwa akimtania muuza mandazi. Shemeji aliweka kiganja mdomoni.

Kisha mlango ulipigwa teke. Viti vikaanguka. Sauti moja ikauliza nani anaendesha mashine.

"Ni miye peke yangu," alijibu. "Fundi alienda kutafuta mazutu, hatarudi leo."

Shemeji aligeuka akanitazama. Mimi nilitazama meza. Utepe uliendelea kuzunguka.

Walimwambia asome. Akasoma jina la kwanza, polepole, kama anavyosoma salamu. Nililifahamu jina hilo: mwalimu aliyezikwa mwaka mmoja kabla. La pili lilikuwa la mwanamke aliyezama ziwani. La tatu sikulikumbuka, lakini shemeji alilikumbuka.

"Huyu alikufa," alinong'ona. "Na huyu alikufa. Huyu pia."

Alikuwa ameshika orodha yao mkononi na anasoma makaburi kutoka kichwani mwake. Wale wageni wenye bunduki hawakumjua mtu hata mmoja. Alifika jina la tisa. Hapo sauti nyingine ikaingia, ya mtu wa palepale mjini kwetu, ikasema, "Huyo amekufa, jeneza lake nililibeba mimi."

Yaliyofuata niliyasikia mara moja pamoja na shemeji na mara nyingi nikiwa peke yangu, na bado siwezi kuyaandika yote. Walimpiga kwa kitako cha bunduki. Mtu akisikia mbao ikigonga mfupa hahitaji kuelezwa. Walirudia. Alilia kama mtoto, na maikrofoni ilikuwa wazi, ikiwafikia wachache ambao hawakuwa wamezima redio kwa hofu. Walimwambia asome kilichoandikwa. Alivuta pumzi yenye maji ndani yake, akasoma jina moja, la kaka yake yule mlinzi wa magari, na hapohapo, bila kupumua, akaongeza:

"Kama unanisikia, kimbia. Wote mukimbie."

Risasi mbili. Baada ya hapo ulisikika mngurumo tu mpaka utepe ukaisha.

Nilingoja shemeji aongee juu ya mumewe. Alisema, "Ulikuwa na malaria, shemeji?"

Nikamwambia. Debe, ukuta, mihogo, yote. Alinipiga kofi lililonizibua sikio. Kisha alichukua brashi ya mbao na kunipiga nayo kichwani, mabegani, na juu ya mkono uliofungwa, mpaka kidonda kikafumuka na bendeji ikawa nyekundu. Sikujikinga. Alipochoka aliketi akihema, akaniambia nirudi hospitali nikashonwe tena.

Yule mlinzi wa magari aliitwa na shemeji mwenyewe. Alikuja Jumatatu asubuhi, amevaa fulana yake ya kazi, akakaa bila kumsalimu mtu. Nilimpa vipokea sauti nikaanzisha. Lilipofika jina la kaka yake alisimama. Lilipofika neno kimbia, aliutupa mkono wake kwenye kioo, kikavunjika, kisha akaupiga mkono wa pili kwenye vipande vilivyobaki. Akaomba nirudie. Nilirudia mara nne pale penye jina na lile neno, damu ikimdondokea kwenye viatu.

"Kaka hakukuwa na redio," alisema mwishowe. "Aliuza ile wiki, tukanunua unga."

Hakuomba msamaha, na shemeji hakumdai. Alimfunga mikono kwa taulo mbili za saluni, akafagia vioo.

Nilipopeleka rekodi kanisani, wazee walikataza isichezwe mbele ya watu. Ilisikilizwa uani, kwenye simu yangu mpya, watu wakipokezana. Wengine walilia. Mwanamke mmoja alimkumbatia shemeji. Mwanamume mmoja akasema siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza sauti ya yeyote, na hii imetengenezwa na fundi wa simu. Mlinzi wa magari alikuwa nyuma yake. Alimpiga ngumi ya taya iliyomlaza chini, akampanda kifuani na kuendelea kumpiga huku akilitaja jina la kaka yake, mpaka watu sita wakamtoa. Jumapili iliyofuata hakuruhusiwa kuingia. Alikaa nje kwenye ukuta, akimwambia kila aliyepita alichosikia.

Mimi na shemeji tulikaa wiki tano bila kuzungumza. Hakunifukuza. Nilifungua meza yangu asubuhi, nikafunga jioni, naye alinipita kana kwamba mimi ni kabati. Siku moja mvua ilinyesha na wateja hawakuja. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, kovu lake juu ya jicho bado jekundu, akaniagiza nimweleze siku ile tangu asubuhi, nisiruke kitu. Mimi ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa na mumewe kwa amani, alisema, na nimemficha miaka yote hii.

Nilimweleza shati alilovaa, na jinsi tulivyofungua madirisha kwa sababu ya joto. Aliniuliza tulikula nini.

"Ndizi na chai," nilisema. "Sukari ilikuwa imeisha. Alilalamika."

"Alilalamika?"

"Sana."

Alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa na kulia, nami nikaendelea kumweleza kama alivyoniagiza.